Boti ya futi 22 na mashine ya 150 haivuki 58 km/h hapa Kigoma: ninunue propela ya pitchi 21?

Mwambao_KGM:
Wakuu habari za leo. Nina boti ya faiba, futi 22, kitako cha V, mashine moja Yamaha F150 (nguvu farasi 150). Kazi yake ni kupeleka wageni Gombe kutoka Kibirizi. Nikiwa na watu wawili na petroli lita 100, ziwa limetulia, lever mwisho, GPS inasoma 58 km/h na saa ya mashine inasoma mizunguko 5,200 kwa dakika. Propela ni ya alumini, pitchi 19 (yaani inchi ambazo ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja). Nimeshauriwa nipande hadi pitchi 21 kwa kuwa kila mzunguko utasukuma mbali zaidi. Kabla sijatoa hela naomba mawazo yenu. Natanguliza shukrani.

Fundi_Katonga:
Mkuu, hiyo 21 usiinunue. F150 ikiwa lever mwisho inatakiwa izunguke kati ya 5,000 na 6,000, na boti inayotafutwa kasi iwe karibu na 5,800 ikiwa nyepesi. Kila inchi moja ya pitchi unayoongeza inakula mizunguko 150 hadi 200. Ukiongeza inchi mbili utashuka hadi 4,800 au 4,900, chini kabisa ya kiwango. Hapo mashine inabeba mzigo mzito kwa gia kubwa, kama lori linalopanda mlima na gia ya nne: joto linapanda, kaboni inajaa, pistoni zinaumia. Na kasi huioni.

Sasa tupige hesabu. Gia ya F150 ni 2.00, maana yake mashine ikizunguka mara 5,200 propela inazunguka mara 2,600. Zidisha kwa pitchi, kisha kwa 0.001524 upate km/h:

2,600 × 19 × 0.001524 = 75.3

Hiyo ndiyo kasi ambayo ungeipata kama maji yangekuwa mbao na propela skrubu. Wewe unapata 58. Pengo ni asilimia 23, ndio mtelezo wako. Boti ya aina hiyo ikiwa sawa hutelezesha asilimia 10 hadi 15. Kwa hiyo kuna kitu kinaishika hiyo boti, na propela mpya haitakiondoa.

Ziwa_Tanganyika_1:
Msisahau mwinuko jamani. Ziwa letu liko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na mashine isiyo na tabo (kifaa cha kusukumia hewa ndani ya mashine) hupoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300. Hapo kwenye 150 zako zimeshaondoka kama 11 kabla hujawasha. Mashine ya sindano (inayonyunyiziwa petroli kwa kompyuta yake) inajipangia petroli yenyewe, lakini haiwezi kuumba hewa. Propela iliyochaguliwa kwa vipimo vya Dar itakuwa kubwa mno hapa.

Fundi_Katonga:
Kweli kabisa, na ndiyo maana mwisho wa safari naona atashuka hadi pitchi 17. Ila mwinuko unaeleza kwa nini mizunguko iko chini, hauelezi mtelezo wa 23. Mizunguko chini na mtelezo juu kwa pamoja ni dalili ya boti kuburuzwa. Ingekuwa mpira wa ndani ya propela umeachia, saa ingeruka juu huku boti haiendi. Kama una wasiwasi nao, chora mstari wa rangi kutoka kwenye kitovu hadi kwenye bomba la propela, ukimbize, kisha angalia. Mistari ikipishana, mpira umekwisha.

Mkuu, naomba vipimo hivi ukiwa umepandisha boti nchi kavu:

Mashine ikiwa imesimama wima, pima lile bamba pana lililolala juu ya propela liko milimita ngapi chini ya mkuku (uti wa chini wa boti).

Weka rula ya alumini ya mita 2 chini ya kitako, kuanzia ukingo wa nyuma kwenda mbele, kila upande wa mkuku. Ukiona mwanga katikati ya rula, kitako kimebonyea ndani na kinasukuma pua chini. Hii huwapata sana boti zinazolazwa juu ya magogo yasiyoshika hadi mwisho wa kitako.

Fungua sakafu uone kama foamu imenywa maji. Lita 100 za maji ni kilo 100 unazozibeba bure kila siku.

Mashine ikiwa imezimwa, mtu asukume lever hadi mwisho nawe utazame chini ya kava kama mkono wa throto unagusa kizuizi chake. Kebo iliyolegea hula mizunguko kimyakimya.

Mama_Boti:
Ongeza mafuta kwenye orodha. Petroli ya madumu huja na maji. Kamua bakuli la chujio kwenye chupa safi uache dakika kumi, maji yatakaa chini. Na ukiwa kasi ya mwisho mtu ashike ile pampu ya mkono ya mpira kwenye bomba la petroli: ikinywea, kuna kizuizi kati ya tangi na pampu, mara nyingi ni tundu la hewa la tangi.

Mwambao_KGM:
Asanteni sana, nimepima. Rula imekaa vizuri pande zote. Throto inafika mwisho, chujio safi, pampu haikunywea. Sakafuni nimekamua maji ndoo mbili, foamu yenyewe kavu. Bamba liko milimita 50 chini ya mkuku, na bolti za juu za mashine zimepita kwenye tundu la juu kabisa la breketi inayoishika kwenye ubao wa nyuma.

Fundi_Katonga:
Umeipata. Bolti kwenye tundu la juu la breketi maana yake mashine imekaa chini kuliko zote. Gia boksi nzima na sehemu ya shingo vinalima maji. Bamba linatakiwa liwe usawa wa mkuku au juu kidogo, hadi milimita 25 kwa boti ya mbio. Yako ni ya abiria, usawa unatosha.

Matundu yamepishana milimita 19. Mashine hiyo ina zaidi ya kilo 200, iache ining'inie kwenye winchi ya cheni kwanza, ndipo uguse bolti. Za chini zilegeze tu, zinakaa kwenye nafasi ndefu. Za juu zitoe, inua, zirudishe kwenye tundu linalofuata chini yake. Paka gundi ya boti ya poliuritani kila tundu la ubao wa nyuma, la sivyo maji yataozesha ubao ndani kwa ndani.

Inua tundu moja, jaribu. Kisha la pili, jaribu tena. Utabaki na milimita 12, na la tatu lijaribiwe kwa uangalifu. Kila hatua kata kona ya wastani: saa ikiruka na boti ikapoteza msukumo, propela imevuta hewa, rudi tundu moja. Tazama pia maji ya kupozea yanayorushwa nje. Yakidhoofika, tundu za kuvutia maji ziko juu mno na utaunguza mashine.

Ziwa_Tanganyika_1:
Majaribio fanya alfajiri ndani ya ghuba, upepo haujaanza, kwenda na kurudi mstari uleule, jumlisha kasi hizo halafu gawa kwa mbili. Mzigo uwe uleule na badilisha kitu kimoja kwa wakati. Kamba ya kuzimia mashine iwe mguuni kwako, na wote mvae jaketi za kuokolea. Tirimu (kuinua au kuinamisha mashine kwa kitufe) panda nayo taratibu hadi pua ianze kudunda, kisha shusha kidogo. Wengi wanakimbia na mashine imeinamia chini, kilomita kadhaa zinapotea hapo.

Mwambao_KGM:
Sawa wakuu. Na propela je?

Fundi_Katonga:
Baada ya kuinua. Ukifika 5,700 ukiwa mwepesi, baki na 19, ila ipeleke inyooshwe kama ncha zimepinda. Ukibaki chini ya 5,500, chukua 17 ya chuma cha pua: mapanga yake ni membamba na hayajikunji kasi ikipanda. Kwa 17, ukizunguka 5,700 na mtelezo ukashuka hadi 13, hesabu inatoa 64 km/h. Lakini wewe unabeba wageni. Fanya jaribio moja ukiwa umejaza abiria wako wa kawaida. Saa ikisoma chini ya 5,200 hapo, nenda 17 hata kama ukiwa mtupu 19 inakupa kasi zaidi.

Mama_Boti:
Na atakayekwambia ufunge 200, soma kwanza kibati cha boti kinaruhusu nguvu kiasi gani. Ubao wa nyuma uliotengenezwa kwa 150 hupasuka kwenye kona za chini, na nyufa huanzia ndani ya faiba ambako huzioni.