Je, maji ya bomba yaliyolazwa usiku kucha yanafaa kwa tangi la maji chumvi?

Muuliza swali:
Ndugu zangu, ninaandaa tangi la samaki wachache wa baharini na, Mungu akipenda, matumbawe baadaye. Maji niliyonayo ni ya bomba tu. Kwa samaki wa maji baridi nilizoea kuyaacha ndooni usiku kucha ili klorini itoke. Je, utaratibu huo unatosha, au niyachemshe?

Mjibu wa kwanza:
Ndugu, kuyalaza kunatosha kuondoa klorini tupu, hasa ukiyapulizia hewa. Hata hivyo, mamlaka nyingi za maji hutumia kloramini, yaani klorini iliyofungamana na amonia, nayo haitoki kwa urahisi hivyo. Thiosulfeti ya sodiamu, dawa ya kuondolea klorini majini, huuvunja muungano huo, lakini huiacha amonia majini, kwa hiyo uliza kwanza ni dawa gani inayotiwa kwenye maji yenu. Kuchemsha sikushauri kabisa, kwani maji hupungua kwa mvuke ilhali shaba, fosfeti na naitreti hubaki zilezile katika maji machache zaidi. Shaba inayotoka kwenye mabomba huwaua kamba na konokono kwa kiwango ambacho samaki wenyewe hukivumilia.

Mjibu wa pili:
Ninakubaliana na mwenzangu, ila kwa anayetaka matumbawe ningesema moja kwa moja: tafuta chujio la osmosisi kinyume, yaani linalosukuma maji kupita kwenye utando mwembamba unaozuia vilivyoyeyuka, lenye resini mwishoni, yaani punje zinazonasa chembe zilizosalia. Maji hupita kwanza kwenye kichujio cha takataka, kisha kwenye mkaa, kisha kwenye utando, na mwisho kwenye resini. Mkaa hutangulia utando kwa sababu klorini huuharibu utando huo, na pale penye kloramini, amonia inayosalia baada ya mkaa kuivunja hunaswa na resini, ndiyo maana sielewi wanaoiacha resini kwa kubana matumizi. Mita inayopima chembe zilizoyeyuka majini ikianza kupanda kutoka 0, badilisha resini. Lakini mita hiyo haioni klorini, hivyo mkaa nao ubadilishwe kwa wakati wake.

Muuliza swali:
Nashukuru sana. Na chumvi inatiwa vipi? Tena, maji yakipungua tangini, nijazie yapi?

Mjibu wa pili:
Tia chumvi kidogo kidogo kwenye maji ambayo pampu inayazungusha, wala usimwage maji juu ya rundo la chumvi, maana kalisi huganda ikawa unga mweupe unaotulia chini na hauyeyuki tena. Yapashe hadi nyuzi 25 hivi, uyaache yazunguke mpaka yawe maangavu, ndipo upime: gramu 35 za chumvi kwa kila kilo ya maji hayo, yaani uzito linganifu (uzito wake ukilinganishwa na wa maji safi) wa takriban 1.026. Kuhusu kujazia, chumvi haiondoki na mvuke, kwa hiyo jazia maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Yenye chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji.