Naomba ushauri: nielezeje msawazo ambao ndani yake kazi haikomi?

Ndugu walimu na wataalamu, naomba ushauri kuhusu mada ya msawazo wa kikemia, ambayo ninaifundisha kidato cha sita na ambayo kila mwaka hunitoa jasho. Nikisema kwamba msawazo hufikiwa pale kasi ya mmenyuko wa kwenda (vitu vya mwanzo kugeuka kuwa vipya) inapolingana na ya kurudi, wanafunzi huandika kwamba viasi vya vitu vya pande zote mbili ndivyo vinavyolingana, au kwamba mmenyuko umekoma.

Wiki iliyopita niliweka mabeseni mawili mezani, moja likiwa na maji na jingine tupu, wanafunzi wawili wakawa wanachota na kuhamisha kwa wakati mmoja, huyu kwa kopo kubwa, yule kwa kikombe cha chai. Baada ya muda vina vya maji viliacha kubadilika, kimoja kikiwa juu kuliko kingine, ilhali mikono bado inachota. Nilifurahi mapema mno, kwani mmoja alikumbuka soda, ambayo gesi yake nayo hutoka kwenye kimiminika na kurudi, akauliza: "Mwalimu, ndani ya chupa ya soda iliyofungwa, nani anachota?"

Fizikia nayo inatuchanganya, maana mtu anayeshuka kwa parachuti kwa kasi isiyobadilika husemwa yumo katika msawazo wa mwendo, ingawa pale kinacholingana ni kani, si kasi mbili zinazopingana. Je, nizitenganishe maana hizi tangu mwanzo? Tena, lipo jaribio la gharama ndogo, lisilohitaji iodini yenye mnururisho (ya kufuatilia chembe zinakokwenda), linaloonesha kwamba chembe bado zinahama?