Mafuta ya bwati (giaboksi) otomatiki: asubuhi yanazidi, jioni hayafiki. Niamini kipimo gani?

Kadutu_Juu (Bukavu)
Jambo wakubwa. Gari ni Corolla ya 1998, bwati otomatiki ya vitesi 4, yenye joji yake (kijiti cha kupimia mafuta). Asubuhi nikivuta joji kabla ya kuwasha motere, mafuta yanapita alama ya juu ya HOT (ya mafuta yakiwa moto) kwa karibu sentimita 2. Jioni, motere ikiwa moto na inaunguruma, yanagusa ncha ya joji tu. Nikiweka D asubuhi gari linakawia, halafu linashtuka. Kwenye mpando mkali motere inapiga kelele bila gari kuvuta. Rangi ni nyekundu iliyoiva, si nyeusi. Fundi mmoja anataka kutoa nusu lita, anasema yamezidi. Nikubali? Na hapa kwetu pa tambarare pa kupimia ni pa kutafuta. Aksanti.

Fundi_Ndendere (Bukavu)
Ndugu, usitoe hata tone. Yamepungua.

Motere ikizimwa usiku kucha, mafuta yaliyokuwa ndani ya konvateri (ile ngoma iliyo kati ya motere na bwati) na kwenye mifereji ya valvu yanateremka polepole hadi karteri (bakuli la mafuta chini ya bwati). Ndiyo maana asubuhi joji inaonyesha mengi. Ukiwasha tu, pompi inayavuta tena na usawa unashuka. Kwa Toyota, kipimo cha motere iliyozimwa kitupe. Kile cha jioni ndicho cha kweli: pompi inanyonya hewa, presha inashuka, diski zinateleza. Mpandoni inazidi kwa sababu gari likiinama mafuta yanakimbia mdomo wa chujio.

Pima hivi. Tembeza gari dakika 20 hivi hadi mafuta yafike nyuzi 70 mpaka 80. Kama huna kipimajoto, gusa haraka tone la kwenye joji kwa vidole viwili. Likiwa moto wa kutosha hutaweza kulishikilia. Simama pa tambarare. Uwanja wa stesheni ya esansi (petroli) mara nyingi unafaa, ila hakikisha: laza chini chupa ya maji iliyofungwa, yenye hewa kidogo ndani, kwanza kwa urefu wa gari, kisha kwa upana. Kipovu kikibaki katikati, sawa.

Vuta freni ya mkono, kanyaga na freni ya mguu, kisha motere ikiunguruma pitisha mkono wa vitesi P, R, N, D, 2, L, kila mahali sekunde 2 au 3, urudi P. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo inayojaza mifereji ya ndani. Usizime. Pangusa vumbi kwenye mdomo wa bomba kabla ya kuvuta joji, maana mchanga ukidondoka mle kuutoa ni kushusha karteri. Futa joji kwa kitambaa kisichoacha nyuzi (karatasi ya choo hapana), irudishe hadi mwisho, itoe, usome pande zote mbili. Zikitofautiana, shika ya chini. Inatakiwa kati ya alama mbili za HOT. Zile za COLD (baridi) ni za kukadiria tu wakati wa kujaza upya.

Unaongeza kupitia bomba hilo hilo la joji, kwa faneli yenye mpira mwembamba, mililita 200 kwa mara moja. Kutoka alama ya chini ya HOT hadi ya juu mara nyingi haifiki nusu lita. Ngoja dakika chache kabla ya kusoma tena: kuta za bomba zikiwa na mafuta, joji itadanganya. Wala usizidishe. Yakizidi, sehemu zinazozunguka zinayapiga hadi yanatoa povu, na povu halishiki presha. Dalili zake ni zile zile za kupungua, ndipo watu wanapotoa palipotakiwa kuongeza.

Mabanga_Sud (Goma)
Kupima kumeelezwa. Mimi naongeza kwamba bwati haichomi mafuta kama motere inavyoweza. Yakipungua, yametoka mahali. Kagua sili za ekseli pande zote mbili, ukingo wa karteri, na mipira inayopeleka mafuta kwenye radiatere. Tandika katoni kavu chini ya gari usiku. Tone likiwa jekundu, usikimbilie kulaumu bwati, maana hata mafuta ya direksyo (usukani) mara nyingi ni mekundu.

Huku kwetu, kwa mawe ya volkano, tunaanza na karteri yenyewe. Ikibonyea inaweza kuminya chujio. Tena nafasi ya ndani imepungua, kwa hiyo usawa unapanda na joji inasoma vizuri huku lita hazijatimia. Inyooshwe kwanza, ndipo upime. Boliti zake ni za kichwa cha 10 na zinataka kukazwa kwa nguvu ya Nm (nyutoni-mita) 5 hadi 8 tu. Ukizikaza kwa hasira ukingo unapinda na hautaacha kuvuja. Humo ndani kuna sumaku. Tope laini la kijivu juu yake ni la kawaida. Vipande vya chuma vinavyochoma kidole, au chembe za manjano za shaba, hapo pesa ya mafuta mapya iweke kwa bwati nyingine.

Na mafuta yakigeuka pinki ya maziwa, usiwashe tena. Maji ya radiatere yameingia kwenye bwati, bomba la ndani limetoboka. Maji matupu yanaleta kutu, na haya ya Ziwa Kivu yana madini mengi: ule ukoko mweupe wa kwenye sufuria unajijenga pia ndani ya radiatere. Weka dawa yake ya kuzuia kutu.

Mama_Vipuri (Bukavu)
Kabla hujanunua, soma joji. Aina ya mafuta mara nyingi imechongwa palepale. Corolla ya mwaka huo ni Dexron II au III. T-IV ni ya Toyota zilizofuata, na WS ni nyembamba zaidi, imetengenezwa kwa bwati za baadaye, nyingi hata joji hazina. Ya CVT (bwati za mkanda, zisizo na vitesi) usichanganye kabisa. Rangi nyekundu imetiwa tu, haithibitishi chochote, kwa hiyo angalia kizibo cha chupa kama kimefunguliwa.

Wako wanaosema gari la zamani usibadilishe mafuta yake, bwati itakufa. Mimi sikubali. Inayokufa ilikuwa na diski zilizokwisha tayari. Cha kuogopa ni kusafisha kwa mashine ya presha, inayong'oa uchafu na kuupeleka kwenye valvu. Mwaga kwa nati ya chini, kle alen (ufunguo wa pembe sita) namba 10, weka rondela (washa) mpya, pima kilichotoka na urudishe kiasi hicho pamoja na ulichopungukiwa. Zinatoka karibu lita 3 kati ya kama 7.5, yaani asilimia 40. Rudia baada ya kilomita 1,000 na utakuwa umebadilisha 64. Mara ya tatu 78. Inatosha.

Kadutu_Juu
Nimeongeza mililita 600 kwa awamu, sasa iko katikati ya HOT. Mpandoni inavuta. Asubuhi bado inakawia kama sekunde 1. Ekseli ya kushoto ina unyevu mwekundu.

Fundi_Ndendere
Sekunde 1 bwati ikiwa baridi si tatizo. Ikipita 2, rudi hapa. Hiyo ni sili, mwachie Mama akutafutie. Mwaga mafuta kabla ya kuchomoa ekseli, la sivyo yatakumwagikia. Sili mpya ipake mafuta ya bwati kwenye mdomo, uigonge sawasawa hadi ikae kwa kina kile kile cha ya zamani, na ekseli ikirudi isiikwaruze. Kisha ujaze na upime upya kama hapo juu.

Wenye Honda mnaosoma hapa, msifuate kipimo hiki. Zenu tembeza hadi zipate moto, zima motere, upime ndani ya sekunde 60 hadi 90.