Orkide mu mawe ya volkano: mizizi ya zamani inaoza, nirudishe mu magome ama nivumilie?

MauaYaHimbi (Goma)
Jambo wote. Niko na orkide tatu, zote falenopsi, ile ya majani mapana na maua sawa kipepeo. Zilikuwa mu magome ya miti lakini ile magome ilisha kuwa udongo, ukimwangilia leo wiki ingine bado iko mbichi na inanuka. Njo nikasoma juu ya semihidro, ni kusema mmea unakaa mu vidonge vya udongo wa kuchoma, chombo hakina tundu chini, iko na mawili tu pembeni, maji kidogo inabaki chini na vile vidonge vinaipandisha polepole mpaka ku mizizi. Vidonge hapa sikupata. Lakini mawe tuko nayo, mu parseli yetu ukichimba kidogo tu ni mawe ya volkano, nyeusi na nyekundu, mepesi, yenye matundu matundu. Nikaponda, nikaosha, nikakata bido za mafuta za litri 5, nikatoboa na musumari ya moto sentimita 3 kutoka chini, nikapanda.

Sasa ni wiki 6. Moja majani imelegea na kukunjamana, nilichimbua kidogo nikaona mizizi ya zamani yote ni kahawia, ukibonyeza inatoka maji inabaki paka uzi wa katikati. Ya pili iko tu, haiendi mbele hairudi nyuma. Ya tatu naona kancha ka kijani kanatoka pale chini ya jani. Tena juu ya mawe kuna unga mweupe sawa chumvi. Ninawekaka maji ya bomba, ambayo kwetu ni ya ziwa.

Ile yenye kulegea ni ya mama yangu mudogo, wakati tulikimbia volkano ya Nyiragongo mwezi wa 5 mwaka 2021 aliibeba mu kitenge mpaka Sake na kurudi nayo, alinipa mwenyewe kwa mkono, sitaki ifie kwangu. Nitoe? Nivumilie?

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Mwanangu pole. Mimi ni mwaka wa 4 niko nazo mu semihidro na za kwangu zote zilipitia paka pale uko. Ile kuoza kwa mizizi ya zamani isikutishe sana, ni lazima sehemu kubwa ioze. Mzizi wa orkide umevaa ngozi ya sifongo, ndiyo ile nyeupe ikikauka na kijani ikinyweshwa. Mzizi uliokomalia mu magome ulizoea hewa inapita kati kati, leo ukiuingiza mu unyevu usioisha ile sifongo inajaa maji, hewa haipiti, mzizi unakosa pumzi na kufa. Haujui kujigeuza. Kinachojua kujigeuza ni mmea, wenyewe unatoa mizizi mipya ambayo toka siku ya kwanza inakulia mu unyevu, na hiyo haiozi. Majani kulegea ni juu wa zamani wameacha kunywesha na wapya bado hawajafika.

Kwa hiyo kosa halikuwa mawe, ni saa. Orkide unaihamisha siku unaona ncha mpya zinaanza kutoka, si kabla. Ile ya tatu ilibahatika, zile mbili ulizihamisha zikiwa zimelala.

Sasa maji. Hapa mwanangu nakuomba unisikie, ACHA maji ya ziwa kwa hizi orkide. Maji ya Kivu iko na madini mingi, pH yake inafika karibu 9, na ukiipima na kale kamashine ka chumvi inapita maikrosimensi 1,000. Mtu anaoga nayo bila shida lakini falenopsi inapenda maji laini. Mu magome ulikuwa unamwaga yote inapita, mu semihidro maji inakaa, inapanda, inakauka juu ya mawe, chumvi inabaki. Ule unga mweupe ni hiyo. Na ncha ya mzizi mpya ikigusa pale inaungua, inakuwa nyeusi na kusimama. Chukua maji ya mvua. Ya kwanza iachie ioshe mabati kwa dakika kadhaa, halafu ndiyo ukinge. Kila wiki usiongeze tu, mwaga mengi kutoka juu mpaka yatoke ku matundu muda mrefu, yafukuze ya zamani. Na angre (mbolea) usiweke sasa, mpaka mizizi mipya ifike kidole kimoja, na hapo robo ya kipimo kilichoandikwa ku sashe.

katuba_vert (Lubumbashi)
Mama amesema yote ya maji, mimi naongeza baridi. Huku kwetu kiangazi, mwezi wa 6 na wa 7, usiku ni baridi kabisa na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Nilihamisha zangu mu mwezi wa 6 na nilipoteza mbili kwa tano, sikuelewa kwa nini juu maji ilikuwa mazuri na ncha zilikuwepo. Nikaja kuelewa kwamba maji ikikauka ku mawe inabeba joto, ni sawa mtungi wa udongo unavyopoza maji ya kunywa, kwa hiyo mizizi yako inakaa mu baridi kuliko nyumba yenyewe. Falenopsi inatoka mu misitu ya joto ya Ufilipino na Indonesia, chini ya digrii 18 mizizi yake inalala, na mzizi unaolala mu maji unaoza. Goma iko ku mita 1,500 hivi, usiku wenu si wa joto. Toa bido ku simenti, weka juu ya ubao, mbali na dirisha usiku, na maji unayomwaga iwe vuguvugu kidogo. Sasa hivi mimi nahamisha mwezi wa 10 tu, joto ikisha kupanda na mvua iko karibu.

Tena kwa wale wanasoma hapa na wanataka kuweka orkide za pori mu semihidro: ile Ansellia yetu ya miombo, yenye madoadoa sawa chui, hapana. Mwili wake unajua kiangazi, inataka kukauka miezi kadhaa, ukiinywesha mwaka mzima unaiua. Na za chini, zile mama zetu wanachimba viazi vyake kupika chikanda, hizo ziache mu udongo wake, zinapungua kila mwaka na inaniuma.

Kivu_Dada (Goma)
Mimi sikubaliani na Mama fasi moja tu, kwa heshima. Kuvumilia ni sawa kama kuna mzizi hata mmoja mzima. Kama ile ya mama mudogo haina hata mmoja, ku mawe itakauka ikikungojea. Itoe, kata vyote vilivyooza na wembe uliopitisha ku moto, acha ikauke siku moja, halafu ifunge ndani ya sashe safi yenye majani laini yenye unyevu kidogo tu, shingo ya orkide iguse, majani yake yasilowe, fasi yenye mwanga bila jua. Yangu ilichukua miezi 2 kutoa mzizi, na siku huo mzizi ulifika sentimita 2 nikairudisha mu mawe na sasa iko na majani mapya mawili.

Tena mawe yetu hayapandishi maji sawa vile vidonge, yaponde yawe sentimita 1 mpaka 2, makubwa yanaacha pengo na juu inabaki kavu. Na funika bido na kitu cheusi, ukiacha mwanga upite maji itakuwa kijani.

Mama_wa_Nguba (Bukavu)
Dada yuko na haki kwa ile isiyo na mzizi. Mwanangu angalia kwanza, usikate kwa woga. Mzizi ukibonyeza na ni mgumu uko mzima, hata ukiwa na rangi mbaya.

MauaYaHimbi (Goma)
Aksanti sana wote. Siku 19 zimepita, natoa habari. Niliangalia ile ya mama mudogo, ulibaki mzizi mmoja mgumu, mufupi sana, nikaiweka mu sashe vile Dada alisema, majani bado imelegea lakini haizidi. Mawe nilitoa yote, nikachemsha, nikaloweka siku 3 nikibadilisha maji ya mvua, unga mweupe uliisha. Bido nimeweka juu ya ubao. Ya pili imetoa ncha mbili, zote upande mmoja.

Na ya tatu, mzizi ulishuka kati ya mawe mpaka ku ukuta wa bido, kila asubuhi nafungua plastiki nyeusi naangalia. Leo umefika ku maji. Ncha bado kijani.