Viraka 31 vimelala foleni, wenye ruhusa ya kuunganisha ni wawili. Tufungue mlango kwa wote?

alizeti255
Wakuu, salaam kutoka Dodoma. Tuna programu huria ya kurekodi mizani ya alizeti kwenye vyama vya msingi, msimbo uko GitHub na repo (hifadhi ya msimbo) ni ya wazi. Wachangiaji ni tisa, wenye ruhusa ya kuunganisha kwenye tawi kuu (nakala rasmi ya msimbo) wawili. Viraka 31 (mabadiliko ya msimbo yaliyopendekezwa) vinasubiri, vingine mwezi wa pili sasa. Kuna wazo la kuwafungulia wote tisa kabla ununuzi haujaanza. Mnaonaje? Na kama si wote, mtu anapimwa kwa kigezo gani?

kibaigwa_dev
Wote tisa hapana, mkuu. Ila kabla hujagusa ruhusa, fungua hivyo 31 uangalie unene wake. Kiraka cha mistari 1,400 kinachosogeza nafasi, kubadili majina ya vigeu na kurekebisha hesabu ya makato kwa mkupuo mmoja hakisomeki. Kila mkaguzi anakiruka. Mrudishie mwenyewe akigawe: `git reset HEAD~1` inafumua komiti (badiliko lililohifadhiwa) ya mwisho bila kupoteza kazi, kisha `git add -p` achague kipande kwa kipande. Mpangilio komiti yake, majina komiti yake, hesabu komiti yake. Mistari 200 mtu anaimaliza kabla chai haijapoa.

Mkaguzi atazame nini? Kwenye mizani, namba kwanza. Kiraka kikihifadhi kilo kama desimali za kuelea (float, ambazo kompyuta hukadiria), 0.1 + 0.2 inatoka 0.30000000000000004. Kwenye gunia moja hulioni kosa, ila programu ikija kuuliza kama jumla ya stakabadhi ni sawasawa na ya leja, inajibu si sawa. Hifadhi gramu, namba kamili. Na msiyategemee mno majaribio ya kiotomatiki: aliyeandika kosa akiandika na jaribio, atajaribu kilo 50 na 70, namba zisizo na desimali, basi.

makulu_terminal
Upande wa mipangilio. Kwa repo iliyo chini ya shirika (organization), GitHub ina ngazi tano: Read (kusoma), Triage (kupanga kazi), Write (kuandika), Maintain (kutunza), Admin (msimamizi). Watu wengi wanaoomba "ruhusa" wanahitaji Triage tu, yaani kupanga lebo, kufunga marudio na kuwapangia wakaguzi kazi, bila kugusa msimbo.

Tawi kuu lifungeni: hakuna kuingiza bila ombi la kuunganisha, majaribio yapite, kusukuma kwa nguvu (kufuta historia ya tawi na kuweka yako) marufuku. Washeni pia ile ya kufuta idhini komiti mpya ikiongezwa. Bila hiyo mtu anapata idhini saa nne, saa tano anaongeza mistari ambayo hakuna aliyeiona. Na Admin anaruka sheria zote hizi mpaka uweke alama kwenye chaguo la kuzuia hilo, watu hulisahau.

Faili la CODEOWNERS, linalotaja nani anakagua mafaili yapi, lina mtego: mstari wa mwisho unaolingana ndio unaoshinda. Ukiweka `*` (mafaili yote) chini kabisa, umefuta wamiliki wote wa juu. Na mmiliki asiye na Write hahesabiki.

zabibu_chungu
Idhini ngapi? Kwenu moja inatosha, mbili kwa folda ya hesabu za malipo tu. Ukidai mbili kila mahali kwa wakaguzi wawili, mmoja akisafiri kila kitu kinasimama. Kwa mambo madogo chukueni utaratibu wa miradi ya Apache (taasisi ya programu huria): tangaza, subiri saa 72, kimya kikihesabiwa ridhaa. Anayepinga msimbo kwa kura ya -1 lazima atoe sababu ya kiufundi. "Sijaipenda" si sababu.

Kigezo cha kumpandisha mtu: msihesabu viraka alivyoandika, someni ukaguzi wake wa viraka vya wenzake. Akague kumi bila mamlaka, mlinganishe na uamuzi wenu. Anayeandika "safi sana" kumi mfululizo bado.

Na kuunganisha kutenganeni na kutoa toleo. Kwenye xz, programu ya kubana mafaili, mwaka 2024, aliyejiita Jia Tan alijenga imani kwa zaidi ya miaka miwili hadi akawa mtunzaji. Matoleo 5.6.0 na 5.6.1 yalitoka na mlango wa nyuma (njia ya siri ya kuingilia), na hati iliyouwasha ilikuwa kwenye kifurushi cha toleo, haikuwamo kwenye repo. Mhandisi Andres Freund aliugundua kwa sababu kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kulichelewa kama nusu sekunde. Kwa hiyo kifurushi kijengwe na mashine kutoka kwenye lebo ya git (tag ya toleo), kisitoke kwenye kompyuta ya mtu. Asiyegusa chochote miezi sita arudishwe Read, bila kinyongo, akirudi anarudishiwa.

alizeti255
Shukrani wakuu. Tuanze na vipi kati ya hivyo 31?

kibaigwa_dev
Vinavyobadili muundo wa hifadhidata, kwa sababu vingine vinasimama juu yake. Vyenye mgongano na tawi kuu waambie wenyewe wafanye `git rebase` (kuhamishia kazi yao juu ya tawi kuu la sasa), wape siku 14, kimya funga. Ombi lililofungwa linaweza kufunguliwa tena. Angalia pia namba za mafaili ya migration, yale yanayobadili muundo wa hifadhidata hatua kwa hatua. Viraka viwili vikija na 0014 kila kimoja kwa jina lake, git haitaona mgongano wowote, italalamika seva siku ya kusasisha. Cha pili kibadilishwe kuwa 0015 kabla ya kuunganisha.