Eti nimeajiriwa kupiga picha au kuhesabu uniti za LUKU?

Wakuu, salamu baadaye, hapa mikono inatetemeka kwa hasira.

Yule bosi wetu wa radiolojia, mnamjua, anayeshinda na koti la suti Dar hii kwa sababu ofisi yake ina baridi ya kugandisha samaki. Asubuhi hii kanifokea: "Umeajiriwa kupiga picha au kuhesabu uniti za LUKU?" MBELE YA WAGONJWA! Bibi aliyekuja kupiga picha ya kifua akaniambia, "Pole mwanangu."

Kosa langu? Usiku nilizima CT ya pili (mashine ya eksirei inayopiga picha za ndani ya mwili), kompyuta za kusomea picha na viyoyozi vya vyumba vitupu. CT ikiachwa imewashwa bila mgonjwa inaendelea kula umeme na kutoa joto, halafu kiyoyozi nacho kinakula umeme kulitoa joto hilo. Mpaka kunakucha! MRI, ile mashine ya picha inayotumia sumaku, sikuigusa, sumaku yake haizimwi hovyo, heliamu inayoipoza lazima ikae kwenye nyuzi -269. CT ya dharura niliiacha. Bado naambiwa LUKU, tena mbele ya bibi wa watu!

Mzee wa Tabata: Hongera kwa cheo kipya, mhasibu wa uniti.

Kipanga: Na ajali ya bodaboda ikiingia saa nane usiku?

Mtoa uzi: Soma vizuri mkuu, ya dharura ilikuwa inawaka. Hoja ni kwamba alinifokea MBELE YA WAGONJWA.

Dada Mionzi: Afadhali yenu. Sisi bado tunaosha filamu kwa dawa, na fiksa, ile dawa ya kuimarisha picha kwenye filamu, ikichoka inamwagwa kwenye sinki. Ile ina madini ya fedha, inatenganishwa na kuuzwa kabisa! Sisi tunalisha mitaro, mitaro inalisha Mto Msimbazi.

Mtoa uzi: Dada, fungua uzi wako basi. Mimi nimedhalilishwa.

Kipanga: Na ile dawa ya kontrasti, yenye iodini, anayochomwa mgonjwa ili picha ya CT ionekane vizuri? Ukichomwa leo, kama figo ni nzima, hadi kesho karibu yote imetoka kwa mkojo. Iodini inaingia majitaka, na mabwawa ya kusafishia majitaka hayaiondoi.

Mama Ntilie wa Buguruni: Mkojo tena? Watu tunakula huku.

Mzee wa Tabata: Mimi nililipia filamu, daktari akaangalia picha kwenye kompyuta, bahasha hata hakuigusa.

Mama Ntilie wa Buguruni: Yangu iko chini ya godoro. Hivi pale getini maegesho bado wanatoza hata ukimshusha mgonjwa tu?

Kipanga: Wanatoza! Juzi nimegombana na mlinzi mpaka basi.