Mjadala: Mhusika akiuawa kwenye seva, afutwe kabisa au aamke hospitali?

Mleta mada (Unguja Mjini)

Assalamu alaykum ndugu zangu. Naleta suala ambalo limetugawa wachezaji wa Unguja na Pemba tangu Ramadhani iliyopita, na naomba tulijadili kwa hoja. Kwenye seva yetu ya kuigiza maisha, yaani mchezo wa komputa tunaoucheza pamoja mtandaoni, ule wa magari na mitaa unaoendeshwa kwa FiveM (programu ya kuendeshea seva binafsi za gemu ya GTA V), kuna pendekezo kwamba mhusika akiuawa, basi amekwenda. Jina lake, kazi yake, nyumba yake na pesa zake za benki, vyote vinafutwa, na mwenyewe anaanza na mtu mpya. Wanaounga mkono ni wengi na ni watu makini. Wanasema hakuna anayeogopa bunduki tena. Mtu anawekewa mtutu kichwani na bado anachomoa yake, maana anajua baya kubwa litakalompata ni kuamka hospitali baada ya dakika chache.

Malalamiko hayo ni ya kweli na nimeyashuhudia. Ninachokipinga ni dawa yake. Mimi nasema kifo cha kawaida kiwe chepesi, kimgharimu mtu muda na mali kidogo, na kifo cha kudumu kisimpate mtu yeyote ila awe ameridhia mwenyewe mapema.

Chukueni tukio moja la juzi. Kijana wa Chake Chake ana mhusika dereva wa teksi. Kapakia abiria wawili bandarini, na walipofika njia ya juu mmoja akatoa bastola. Kijana akafanya kila anachotakiwa kufanya: akasimamisha gari, akanyanyua mikono, akaanza kuwaomba. Katikati ya maombi sauti yake ikakatika kwa sababu intaneti ilizorota. Kwenye skrini za wale wawili gari halikusimama hata kidogo. Komputa zao, zilipokosa habari mpya kutoka kwake, ziliendelea kulikisia gari kwa mwendo liliokuwa nao. Kwao wao dereva alikuwa anakaidi na anakimbia, wakamfyatulia. Nimetazama video za pande zote mbili, na hakuna aliyesema uongo. Kwa kanuni inayopendekezwa, yule dereva aliyejengwa kwa miezi angefutwa usiku ule kwa kosa la mawimbi.

Na sisi hapa hayo si ya nadra. Umeme wetu wenyewe unavuka bahari kwa waya kutoka Bara, na Pemba wameupata kwa njia hiyo kutoka Tanga tangu 2010. Kabla ya hapo walitegemea jenereta. Ukikatika, umekatika. Wengine wanacheza kwa bando la simu, na bando likiisha katikati ya mapigano mwili wa mhusika unabaki umesimama pale kama mti. Kanuni inayoua moja kwa moja inafaa pale ambapo kila mchezaji ana uhakika kwamba alichokiona yeye ndicho alichokiona mwenzake. Sisi uhakika huo hatuna.

Wanaosema "gemu za zamani zilikuwa na adabu" nao wana ukweli wao. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle, wa Chuo Kikuu cha Essex kule Uingereza, walianzisha MUD, mchezo wa komputa wenye ulimwengu wa maandishi matupu. Humo ukiuawa kwa kupigana, mhusika wako alifutwa. Lakini tazameni fani hii ilipoelekea baadaye. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa tangu 1974, katika toleo lake la 2014 mhusika akiishiwa pointi za uhai kwa kawaida hafi papo hapo. Anaanguka, na kila zamu mchezaji anarusha dadu ya pande 20. Akipata 10 au zaidi amepata nafuu. Nafuu tatu zikitangulia anatulia, na akikosa mara tatu amekufa. Katikati ya hapo wenzake wana nafasi ya kumkimbilia. World of Warcraft, mchezo wa mtandaoni wa 2004, nayo inamrudisha mtu mchezoni akifa, na ilipofungua seva rasmi za kufa mara moja mwaka 2023 iliziweka mbali na nyengine. Anayezitaka anakwenda kwa hiari yake. Hakuburuzwa mtu.

Mimi ni mcheza bao, na kwenye bao kuna kitu ambacho naona waandishi wa kanuni zetu wamekisahau. Mashimo 32, kete 64, na kete inayoliwa haitolewi ubaoni. Aliyeila anaipanda upande wake na mchezo unazidi kunoga. Kifo cha mhusika nacho kihamishe kitu kutoka kwa huyu kwenda kwa yule, kisitoe kitu ubaoni.

Kwa hiyo napendekeza hivi. Anayepigwa anaanguka mahututi, na anasubiri dakika kumi. Wauguzi wa seva wakimfikia, wanamtibu pale pale na anakumbuka kila kitu, pamoja na sura ya aliyempiga. Wasipomfikia, anaamka hospitali bila kumbukumbu ya tukio lile, haruhusiwi kurudi pale kwa nusu saa, na hana haki ya kulipiza kisasi kwa jambo ambalo mhusika wake halijui. Silaha na pesa zilizokuwa mfukoni zimekwenda. Benki haiguswi. Halafu lipo jeraha, ambalo ndilo ninaloliona la maana kuliko yote: hadi siku ya pili hakimbii, hashiki silaha, na akiendesha gari mikono inatetemeka. Mtu anayejua kwamba risasi moja itamfanya achechemee mbele ya watu usiku mzima, huku wenzake wanakwenda kwenye shughuli bila yeye, ataogopa mtutu.

Na kuna jambo la wazazi wetu pia. Baadhi yao hawapendi kusikia vijana wanaigiza mtu kufa kisha anafufuka. Mgonjwa mahututi anayeamka hospitali hana utata huo, na kanuni inakuwa nyepesi kuitetea nyumbani.

Karibuni.

Wa Wete

Alaykum salaam sheikh. Umeandika vizuri, lakini yakhe wewe unacheza upande wa raia. Njoo upande wetu wa polisi uone.

Kuna genge lilikuwa linauza silaha. Tukalifuatilia wiki nzima. Mmoja wetu akajipenyeza akawa mtunza ghala wao, mwengine akawa anakaa nje ya gereji kila usiku anaandika namba za magari. Tukavamia, mkubwa wao akakataa kujisalimisha, akapigwa, akaanguka. Tukafurahi tukapiga na picha. Usiku wa pili tunapita pale pale gereji, yumo, kakaa kwenye kiti kile kile anatoa amri. Hakumbuki kitu! Kazi ya watu saba imeyeyuka kwa sababu ya kanuni inayomhurumia mmoja.

Ukitaka watu wawe na subira ya kuigiza hadithi ndefu, hadithi iwe na mwisho. Kifo chepesi kinakula jasho la walioshinda. Mimi natetea kifo cha kudumu kwa wakubwa wa magenge, na kwa polisi wa vyeo vya juu vile vile, tusije tukaambiwa tunajipendelea.

Muuguzi wa seva

Mimi nachezea gari la wagonjwa. Kanuni ya kufuta ikipita, sisi tufunge duka, maana hatutakuwa na mgonjwa wa kumtibu, tutakuwa na maiti tu. Sasa hivi starehe yangu kubwa ni pale ninapomfikia mtu zimebaki sekunde chache, nampigia magoti, namuuliza jina lake ili asilale, na wenzake wamesimama pembeni wanagombana nani kasababisha. Hayo ndiyo maigizo yenyewe.

Lakini dakika kumi zina tatizo. Usiku wa manane tunakuwa wauguzi wawili ramani nzima. Tukishapokea simu na gari liko njiani, saa ya mgonjwa isimame. La sivyo tutafika tukute kesha hamishwa hospitali, na ushahidi wote umepotea. Wauaji wengine wanalijua hilo, wanazuia barabara makusudi hadi dakika zimalizike.

Mama wa Fuoni

Wanangu, mimi si mchezaji, nina kijana wa miaka 18 anayecheza na nyinyi. Nasoma yote haya, na nina neno moja.

Kabla ya seva yenu alikuwa kwenye seva nyengine ya kufa moja kwa moja, na huko kutoka mchezoni katikati ya ugomvi kulihesabiwa ni kufa. Basi nikimwambia zima, asubuhi una skuli, ananiambia, "Mama, nikizima saa hizi nimekufa." Nikisimama mlangoni anatetemeka kweli, macho mekundu. Akakosa suhuri mara si moja kwa kumlinda mtu wa kwenye komputa. Siku mtu huyo alipouawa, alikaa chumbani hataki kula wala kusema na nduguze.

Wekeni kanuni ambayo mtoto akiambiwa na mzazi wake azime, anaweza kuzima. Mengine mnajua wenyewe.

Mleta mada

Mama, shikamoo, na ahsante sana. Hoja hiyo sikuiwaza, na naiona ni nzito kuliko zote nilizoleta mimi. Naiongeza: anayetoka katikati ya ugomvi, awe kakatikiwa na umeme au kaitwa na mzazi, akirudi anaamka hospitali na jeraha lake. Hafi. Anayetoka kwa ujanja ili akwepe kukamatwa tutamwona kwa mwenendo wake, na huyo ashughulikiwe peke yake na waendeshaji.

Muuguzi, nakubali saa isimame gari likishatoka. Kumzuia muuguzi makusudi liwe kosa lenyewe.

Sasa ndugu yangu wa Wete. Kisa chako kinauma na nimekisoma mara mbili. Lakini kilichoiharibu kazi yenu ni kile kiti. Yule mtu aliamka akakuta kila kitu chake kiko mahali pake, kama vile hamkuvamia. Tufanye hivi: genge likivamiwa na mkubwa akaanguka, gereji inafungwa, mali ya ghala inakuwa ya polisi, na yeye anaamkia kitandani kapigwa pingu na kesi inamsubiri. Kumbukumbu hana, ushahidi mnao. Akikaa jela ya seva wiki mbili, wa chini yake watagombania nafasi yake, na hapo ndipo hadithi inapozaa nyengine. EVE Online, mchezo wa mtandaoni wa meli za angani wa tangu 2003, wote tunajua inavyoogopwa. Meli ikilipuliwa imepotea, ila rubani anatoka na chombo chake kidogo, na hicho nacho kikilipuliwa anaamka kwenye mwili mwengine ulioandaliwa. Watu wanatoka jasho kwa ajili ya meli.

Kuhusu wakubwa, nitakufuata nusu ya njia. Anayetaka kuongoza genge au kuwa kamishna aandike mwanzo kabisa kwamba anakubali kifo cha kudumu, kwa shambulio lililopangwa na kuwasilishwa kabla. Asiyetaka kuandika, asiombe cheo. Hapo ridhaa ipo, na ndicho kitu pekee ninachokishikilia.

Wa Wete

Hapo umenigusa. Mkataba naukubali. Swali langu ni nani anayepokea mpango wa shambulio. Waendeshaji wetu nao wanacheza, mmoja yuko kwenye genge na kila mtu anamjua. Nikimpelekea mpango jioni, usiku genge lishahama. Wapokezi wawe watatu wasio na mhusika upande wowote, na mmoja wao atoke Bara, hana ndugu wala jirani humu. Na video za pande zote mbili zitazamwe kabla mtu hajafutwa, kwa sababu ile ile ya dereva wako wa teksi. Hilo nalo umenishinda.

Muuguzi wa seva

Jengine ambalo hakuna aliyeligusa: huyo mkubwa akifa kifo cha kudumu, nyumba zake na pesa za benki zinakwenda wapi? Kama zinafutwa, bado tunatoa kete ubaoni, kwa maneno ya mleta mada mwenyewe. Mimi nasema zirithiwe. Aandikishe mke wa mchezoni, vijana wake wa kazi, wadai wake, na kuwe na mtu wa kuigiza kadhi awagawie mbele ya watu. Najua watakuja watu wengi kusikiliza kesi ya mirathi kuliko waliowahi kuja kutazama mapigano.

Mleta mada

Naunga mkono kwa mikono miwili, kwa sharti moja. Mhusika mpya wa mchezaji yule yule asiwe mrithi wa yule aliyekufa, wala asilipwe kama mdai wake. Tukiliachia hilo, mtu ataua mhusika wake mwenye madeni Ijumaa na Jumamosi anarudi na nyumba ile ile kwa jina jipya. Nani ana namna ya kulizuia bila kumlazimisha muendeshaji kupekua akaunti ya kila mtu?